Mwanya Katika Vumbi

Katika mashindano ya magari ya masafa marefu, ambamo dereva hushindana na saa na njia kuliko ashindanavyo na wenziwe, adui anayeogopwa kuliko mwamba na tope ni vumbi la gari lililotangulia. Magari huondoshwa moja baada ya jingine kwa kupishana dakika chache, na dereva mwenye mbio zaidi, akimfikia aliye mbele yake, huingia katika wingu jekundu ambamo haoni kona, haoni ng'ombe, wala haoni daraja lililobomoka. Akipunguza mwendo saa humla, na akijitosa kipofu hana dhamana ya kutoka mzima. Waliobobea hufanya jambo ambalo mtazamaji aliye kando ya njia hawezi kulitambua: huangalia upepo unavuma kutoka upande gani, hukumbuka njia itapinda wapi hata upepo ule ulisukume vumbi porini, na hapo, kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua, barabara hudhihirika mbele yao, nao hupita. Mwanya ule ulikuwa wazi kwa kila aliyefuata nyuma, walakini ulimfaa yule tu aliyekwisha kuungojea kabla haujatokea.

Sisi wakazi wa Arusha hatuna haja ya kuelezwa vumbi ni nini. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkeno, na majivu yake ya kale, yaliyotanda upande wa kaskazini kuelekea Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, hupeperuka wakati wa kiangazi kwa kwato za punda mmoja tu. Lakini sikuichagua habari ya mbio za magari kwa sababu ya udongo wetu. Nimeichagua kwa kuwa kila mwaka vijana wetu humaliza vyuo, wakazunguka mjini na vyeti vyao kutoka ofisi hata ofisi wakiuliza kama pana nafasi ya kazi, na aghalabu hujibiwa kwamba hapana. Jibu hilo lina ukweli nusu. Nafasi iliyokwisha kutangazwa gazetini ina mamia wanaoigombea. Ile yenye kumfaa mtu hasa hutokea mahali ambapo mwingine ameondoka, au ameshindwa, au amekata tamaa, au mahali ambapo hapana aliyewahi kuketi, na mwenye kuiona ni yule aliyekuwa jirani nayo, mikono yake ikiijua kazi, siku nyingi kabla ya mtu yeyote kuipa jina.

Sijui mfano katika Afrika Mashariki unaolithibitisha jambo hili kuliko aushi ya Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na ambaye watu walikuja kumwita Simba wa Kenya. Alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake, na mwaka 1958 akashika kazi ambayo haikuwa imewahi kuwapo: Chama cha Kifalme cha Magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri awe mtu wake wa kwanza wa doria, wa kupita barabarani na kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika njiani. Kwa macho ya wengi hii haikuwa kazi ya fahari, kwani ni kazi ya jua, grisi na kulala chini ya gari la mtu mwingine. Hebu msomaji afikiri, hata hivyo, mtu wa namna hiyo hupata nini baada ya miezi kadhaa. Hujua ni springi gani hukatika na kwa nini. Hujua gari la aina hii huchemka katika mlima upi, na lile hupasua tangi la mafuta katika korongo lipi. Elimu hiyo haikuwa ikiuzwa dukani wala kufundishwa darasani, naye aliipokea pamoja na mshahara.

Mashindano ya magari yaitwayo Safari, ambamo elimu hiyo ilikuja kumfaa, yalianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hata madereva wakauonja mteremko wa Magara, ule unaoporomoka kutoka nyanda za Mbulu hata sakafu ya Bonde la Ufa penye Ziwa Manyara. Ukali wake ulikuwa wa ajabu: mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika saba. Viwanda vya ng'ambo vilileta magari mapya na mafundi wao, na mara kwa mara vikarudi mikono mitupu. Mwaka 1964 timu ya kiwanda cha Volvo ilikuja na magari ya aina ya PV544, ikashindwa, na gari lake moja likabaki huku. Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Wengine walitazama wakaona gari chakavu lililokwisha kushindwa. Joginder alitazama akaona chombo imara kilichokosa mtu wa kukielewa na kuielewa njia kwa pamoja. Akalinunua, akalitengeneza, na wakati wa Pasaka ya mwaka 1965 akaondoka nalo pamoja na nduguye Jaswant, ubavuni likiwa na namba moja, maana yake mbele yao hapakuwa na vumbi la mtu. Namba hiyo ina ubaya wake pia, kwa kuwa atanguliaye ndiye hukutana na tope ambalo halijakanyagwa na mto ambao kina chake hakijapimwa. Lakini kwa watu waliozijua njia zile ubaya huo ulikuwa mdogo kuliko faida. Waliondoka wa kwanza, wakafika washindi. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 katika Mitsubishi Colt Lancer, na katika Safari 22 alizoanza alifika mwisho mara 19, hesabu ambayo mimi naistahi kuliko vikombe vyake vitatu.

Nimemtaja Jaswant, nami sitaki apite kama kivuli cha nduguye. Katika kila gari la mashindano ya namna hii kuna kiti cha pili, cha msoma ramani, anayemwambia dereva kona iliyo mbele ni kali kiasi gani, anayetunza saa, anayekagua kadi za vituo, na ambaye kosa lake la dakika moja huweza kufuta kazi ya siku nzima. Watazamaji hawalijui jina lake. Kila kijana anayependa magari hutamani usukani, na kwa hiyo usukani una foleni ndefu. Kiti cha pili aghalabu hutafutiwa mtu. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kupima muda, mwenye kusimamia kituo, daktari wa njiani, na fundi anayeweza kubadilisha shokapu katika dakika chache gari likiwa bado la moto. Mashindano hayawezi kuanza bila ya watu hao, na mara nyingi wasimamizi huwakosa.

Tena nafasi huweza kuja kwa sura ya msiba. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, akafukuzwa pamoja na Waasia wenzake chini ya utawala wa Idi Amin mwaka 1972, akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari katika Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa sawasawa kwa alama, ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila ya kukatwa alama, na kwa mwanya huo mwembamba Mehta akapewa ushindi. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hata 1982. Sisemi kufukuzwa kwake kulikuwa heri. Nchi aliyozaliwa ilimpoteza, na hasara hiyo ni ya kweli. Nasema kwamba alipofika ugenini akiwa ameiacha nchi yake alikuwa na ustadi ambao mpaka haukuweza kumnyang'anya.

Sharti nionye hapa, kwa sababu habari hii ya nafasi imeharibiwa sana na watu wanaoihubiri nusu. Maneno yanayorudiwa kuliko yote juu ya mianya katika mbio ni ya Ayrton Senna wa Brazili, aliyedai kwamba dereva asiyeuendea mwanya ulio wazi amekwisha kuacha kuwa dereva wa mashindano. Vijana huyabandika ukutani. Wachache hukumbuka aliyasema lini: ni baada ya tarehe 21 Oktoba 1990, siku alipomgonga Alain Prost katika kona ya kwanza kule Suzuka, wote wawili wakatoka njiani, naye akawa bingwa wa dunia kwa kuwa mpinzani wake hakumaliza. Mwaka uliofuata alikiri mwenyewe kwamba aliingia katika kona ile akiwa amekusudia kutomwachia njia. Mwanya haukuwapo, palikuwa na hasira iliyovikwa jina la mwanya. Namhusudu Senna kwa uhodari wake, lakini katika jambo hili nasimama upande wa Prost, na naona ni hatari kuwafundisha watoto wetu maneno yale bila ya kisa chake. Mwenye kupita kwa haki humsoma mwenzake kona nyingi kabla ya kupita: huona mahali anapofunga breki mapema, huona anapochelewa kurudisha mafuta, hutoka kwenye kona akiwa na mwendo uliozidi kidogo, na katika sehemu iliyonyooka humpita pasipo kumgusa.

Kuhusu viti vitupu, ulimwengu wa mbio unacho kisa kingine ambacho nitakipitia upesi. Mwezi wa Agosti 1991 dereva wa timu ya Jordan, Bertrand Gachot, alifungwa gerezani London kwa kumpulizia dereva wa teksi gesi ya kutoa machozi, kiti chake kikabaki wazi siku chache kabla ya mashindano ya Ubelgiji, na kijana wa Kijerumani, Michael Schumacher, akaketishwa humo. Alishika nafasi ya saba katika majaribio kwenye njia ambayo hakuwahi kushindana juu yake, na ingawa siku yenyewe klachi ilimharibikia katika mzunguko wa kwanza, miaka iliyofuata alikuwa bingwa wa dunia mara saba. Wasimuliaji huishia hapo. Mimi naongeza lile wanaloliacha: kampuni ya Mercedes, iliyokuwa imemlea katika magari yake, ndiyo iliyolipia kiti kile. Mbio za magari ni mchezo wa fedha nyingi, na si uungwana kumwambia mtoto wa mkulima wa Ngaramtoni kwamba bidii peke yake itamweka nyuma ya usukani wa gari ambalo bei yake inazidi shamba la babaye. Mlango wake katika mchezo huu, akiupenda, ni spana, ramani na saa, milango ambayo haiulizi baba ana nini.

Nirudi nyumbani, kwa maana mji wetu wenyewe ulikua kutokana na kiti kilichoachwa wazi. Kabla ya mwaka 1977 wageni wengi waliokuja kutazama Serengeti na Ngorongoro walifikia Nairobi, wakapanda magari ya Nairobi, wakaletwa na madereva wa Nairobi, wakavuka Namanga, wakaona, wakarudi. Arusha ilikuwa mahali pa kupita. Ilikuwa na kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, na ilikuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini biashara ya kumtembeza mgeni haikuwa yake. Februari 1977, wakati Jumuiya ilipokuwa ikivunjika na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki limesimama, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii yaliyokutwa upande huu yakazuiliwa. Ghafula kazi nzima, kuanzia dereva hata mpishi wa kambini, ikawa haina mwenyewe.

Mtu angedhani kwamba siku ya pili yake Arusha ilineemeka. La, haikuwa hivyo, na hili nalitilia mkazo kwa kuwa wasemaji wa mikutano ya vijana hawalisemi. Wageni walipungua sana, magari hayakutosha, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu hata kipuri kidogo kikawa jambo la kuombea dua. Pengo lilikuwapo, watu walikuwapo, bali vyombo vya kulijazia pengo havikuwapo, na mpaka ulibaki umefungwa hata Novemba 1983, marais wa nchi tatu walipokutana papa hapa Arusha wakapatana juu ya kugawana mali ya Jumuiya. Katika miaka ile ya dhiki waliosalia na thamani ni wale waliojua kuifanya Land Rover iendelee kutembea pasipo kipuri kipya: kuchonga, kuunga, kutoa kiungo katika gari lililokufa na kukitia katika lililo hai. Chama cha wasafirishaji wa watalii, TATO, kilianzishwa mwaka ule ule wa 1983, na baada ya biashara kulegezwa katika miaka iliyofuata makampuni yakachipua kila mtaa. Ujuzi waliouhitaji ulikuwa umekwisha kukomaa katika njaa.

Matunda yake yaonekana hata leo. Ingia katika gereji ya Unga Limited asubuhi ambapo Land Cruiser mpya imeletwa ibadilishwe iwe gari la watalii, nawe utaona jambo la kutia hofu: gari zima, halijasafiri bado, linakatwa katikati. Fundi hupima chesisi kwa futi, akaweka alama kwa chaki, akapima tena, akamwita mwanagenzi apime naye bila ya kumwambia yeye amepata ngapi. Vipimo vikihitilafiana hapana msumeno utakaogusa chuma siku hiyo. Kisha hukata, husogeza nusu ya nyuma, hutia kipande cha chuma kilichokwisha kuandaliwa, huchomelea ndani na nje, na kuongeza bamba la kukaza ubavuni, kwa maana chesisi iliyounganishwa vibaya haikatiki gereji, hukatika Serengeti gari likiwa limejaa watu. Baadaye hufuata bodi ndefu, viti vya dirishani kwa kila mgeni, na paa linaloinuka ili watu wasimame wapige picha. Kiwanda cha gari ng'ambo hakikulifikiria hitaji hilo. Mtu wa Arusha aliliona kwa kuwa alikuwa akiwasikiliza madereva waliorudi porini wakilalamika, na lalamiko linalorudiwa na watu wengi ndiyo dalili ya kwanza ya nafasi ambayo haijashikwa.

Kuna pia nafasi ambayo kila mtu ameiona, na hiyo si nafasi tena. Bodaboda zilipoingia mjini, wa mwanzo walipata riziki njema; leo katika kila njia panda, toka Sakina hata Tengeru, pamesimama kumi wakimngojea abiria mmoja. Siwalaumu, kwani ni kazi ya halali na wengine wamesomesha watoto kwayo, ila yule anayeuza ng'ombe wa mamaye leo ili awe wa kumi na moja pale pale anastahili kuambiwa ukweli na wanaompenda.

Tena nafasi huja katika wakati ambao moyo haupendi kutazama. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wapatao milioni 1.5, mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya Uviko, wakashuka hata 620,867. Magari yalifunikwa maturubai, madereva wengi wakarudi migombani kwao Meru na Kilimanjaro. Mwaka 2023 wageni wakazidi milioni 1.8. Kati ya kushuka huko na kupanda huko ulikuwapo wasaa mrefu wa ukiwa, na waliorudi kazini wakiwa wameongeza Kifaransa, au Kijerumani, au elimu ya ndege wa porini, hawakuwa sawa na waliorudi kama walivyoondoka. Najua ni vigumu kujifunza nyumba ikiwa haina unga, na sitaki kumhukumu aliyeshindwa. Najua pia kwamba somo la lugha hupatikana kwa simu ya mkononi, na kwamba aliyekosa ada hakukosa yote.

Je, ni haki kunufaika na kiti kilichoachwa na aliyeanguka? Swali hili laniuma, kwa kuwa kila kisa nilichokieleza kina mtu aliyepoteza: Volvo ilishindwa, Gachot alifungwa, madereva wa Nairobi walizuiliwa magari yao. Jawabu langu ni kwamba aliyekaa kitini hana hatia ikiwa hakumwangusha mwenziwe, na kwamba deni lake lipo kwa anayekuja nyuma. Fundi wa gereji niliyemweleza humwita mwanagenzi apime chesisi pamoja naye. Lakini nasikia wapo mafundi wanaowaficha vijana wao kipimo cha mwisho wasije wakawa washindani, na hili ni dhuluma, hata kama hapana sheria ya kulikataza.

Kwa anayeuliza leo atazame wapi, nitamtajia mahali ninapopafahamu. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwezi wa Septemba 2023 kuandaa kwa pamoja michuano ya mpira ya mataifa ya Afrika, na Olmoti, hapa Arusha, pamechaguliwa pajengwe uwanja wa watazamaji 30,000. Wengi kati ya wageni wa michuano ya namna hiyo husema Kifaransa, Kiarabu au Kireno, na katika mji wetu wanaoweza kumwongoza mgeni kwa Kireno ni haba. La pili ni kubwa zaidi, nalo halina tarehe ya kumalizika. Mjini petu yamekwisha kuonekana magari ya watalii yaendayo kwa umeme, yasiyo na kelele za kumshtua tembo na yasiyohitaji dizeli kutoka Karatu. Fundi aliyelelewa na injini huyakaribia kwa hadhari, na ana haki, kwa kuwa nguvu ya umeme iliyomo katika betri zake yaweza kumuua asiyejua pa kuikata kwanza. Anayejua kuzifungua, kuzipima seli moja moja, kutambua iliyochoka na kuibadilisha bila ya kutupa betri nzima, ni mtu anayetafutwa. Chuo cha Ufundi Arusha kimefundisha mafundi wetu tangu mwaka 1978, na mwanafunzi wa umeme aliyepo pale aghalabu hutamani kuajiriwa na shirika la umeme, ilhali mwanafunzi wa magari hutamani gereji ya dizeli. Wawili hao husoma jirani jirani, na kila mmoja anayo nusu ya ujuzi ambao magari yale yanauhitaji.